Wasimamizi Sita wa Mama Didas

Mke wa mtu, mkazi wa Temeke, alitaka kufanya mtihani wa chuo kikuu, na hapakuwa na mtu wa kukaa naye chumbani.

Shida ilikuwa hiyo tu. Karatasi za maswali zilikwisha kufika kwa meli, zimefungwa kwa lakiri nyekundu. Siku ilikwisha kupangwa, Jumanne, saa tatu asubuhi. Chuo chenyewe kilikuwa ng'ambo, kikifundisha watu kwa posta, na kuhusu mtihani kilikuwa na kanuni moja: mtahiniwa akae katika chumba kilichofungwa, na muda wote asimamiwe na mtumishi wa serikali asiye ndugu yake. Walioitunga kanuni hiyo walikuwa wakimfikiria mvulana.

Siku barua ya chuo ilipofika, Idara ya Masomo ya Mbali ilibandika tangazo mlangoni pake, nyuma ya soko:

"INATANGAZWA KWA WATU WOTE kwamba serikali, kwa kuona mbali, imeamua kuwafungulia wanawake mlango wa elimu ya juu. Mlango huo utafunguliwa Jumanne saa tatu kasorobo na utafungwa saa tatu kamili. Wanawake wote wanakaribishwa. Aje mmoja."

Tangazo lile liliandikwa na Bwana Anselmo, karani wa Idara, na alilisoma mara nyingi akipita pale mlangoni, hata pale ambapo hakuwa na safari. Mwaka ule, 1954, Idara ilikuwa na vyumba viwili, viti vitano na kazi moja kubwa. Mkuu wake, Mzungu mnene ambaye kila mtu alimwita Bwana Mkubwa, alikuwa akiandika taarifa juu ya Mambo Yanayowazuia Wanawake Kushiriki Masomo ya Mbali. Uchunguzi ulikuwa umemchukua muda mrefu, akiufanyia mezani pake, na sababu alikuwa ameipata: wanawake hawana hamu. Taarifa ilikuwa imekamilika kila upande. Ilikosa mwanamke tu.

Sasa mwanamke akatokea. Bwana Mkubwa alifurahi, akamwambia Anselmo kwamba mtihani ukianza salama, siku hiyo hiyo taarifa ataisoma mjini mbele ya wakubwa, yeye atapanda cheo, na Anselmo naye atafanywa karani wa daraja la kwanza. Karani wa daraja la kwanza alikuwa na haki ya kukalia kiti chenye mikono. Anselmo alikuwa na miaka kumi na saba serikalini, na mikono yake haikuwa na pa kupumzika.

Mwanamke mwenyewe aliitwa Kokuberwa. Kwao Bukoba alikuwa mwalimu. Siku alipoolewa, shule ilimpa cheti cha utumishi mwema na sufuria, ikamwachisha kazi, kwa kuwa mwalimu mwenye mume alihesabiwa kuwa amekwisha pata kazi. Akamfuata mumewe Revelian, karani wa reli, mpaka Temeke. Huko akaanza kusoma kwa posta. Mwaka uliotangulia alijiandikisha kwa mtihani, na siku ya mtihani ilimkuta anajifungua. Chuo kilimwandikia kwa upole kwamba udhuru huo kimeupokea, lakini udhuru hupokewa mara moja tu. Safari hii akikosa, jina lake litafutwa, na halitaandikwa tena.

Anselmo, aliyepangwa kuwa msimamizi, alikwenda nyumbani kwake kumkagua. Kanuni haikusema mtahiniwa akaguliwe, lakini haikukataza.

Alimkuta uani anamenya ndizi. Kitabu kilikuwa kimeegemezwa kwenye debe la unga, kurasa zimebanwa kwa mwiko. Mtoto wake, Didas, alikuwa mgongoni.

"Shikamoo, Bwana Karani."

"Marahaba. Nimekuja rasmi."

"Karibu rasmi. Kigoda hicho."

Anselmo akaketi, magoti yakamfika kidevuni. Akatoa kalamu.

"Mama Didas, serikali inataka kujua. Unasoma saa ngapi?"

"Mtoto akilala."

"Na mtoto analala saa ngapi?"

"Serikali ikilijua hilo, na mie initumie habari."

Anselmo akaandika: Saa za masomo hazijulikani.

Sauti ikapaa juu ya ua wa makuti. Ilikuwa ya jirani, Felicitas. "Msomi! Bomba limefunguliwa! Au leo tunapika kwa wino?"

"Niwekee ndoo, shoga yangu!"

"Ndoo yako iko mbele tangu alfajiri. Kifunge hicho chuo chako uje uibebe, haina miguu!"

Kokuberwa akasimama, akajifuta mikono, akageuza ukurasa kwanza, ndipo akatoka. Aliporudi na ndoo kichwani, midomo yake ilikuwa ikitembea polepole, kama mtu anayesali. Alikuwa anakariri.

"Na mumeo anasemaje?" Anselmo akauliza.

"Huyo anaingia. Muulize."

Revelian aliegemeza baiskeli ukutani. "Mie sina neno, Bwana Karani. Msimamie tu."

Jibu lile lilimsumbua Anselmo kuliko kikwazo chochote. Mume anayekataa ana utaratibu wake: anaandikiwa barua, anaitiwa wazee, anapelekwa kwa padri. Lakini mume asiye na neno afunguliwe faili gani?

"Chumba kitafungwa," Anselmo akaonya.

"Kifungeni."

"Msimamizi ni mwanamume."

"Si ni wewe?" Revelian akamtazama toka kichwani hadi viatuni, akatabasamu kwa adabu. "Sina neno kabisa."

Anselmo akaandika: Mume hana wivu. Ichunguzwe.

Jioni alimsimulia mkewe, Eufrazia, wakati wa kula. Hakuwa na nia ya kumwomba ushauri. Alitaka asifiwe.

"Muda gani mtakaa humo?" Eufrazia akauliza.

"Toka saa tatu hadi saa sita."

"Na mlango?"

"Kufuli. Kanuni."

"Wewe na mke wa mtu."

"Mtahiniwa, Mama Margareta. Kikanuni huyo si mke wa mtu, ni mtahiniwa."

"Haya. Na mie kikanuni nitakuwa wapi?"

"Nyumbani."

Eufrazia akaisogeza sahani ya samaki upande wake. "Baba Margareta. Tulitoka Masasi kwa miguu mpaka Lindi. Porini sikukuachia simba. Leo nikuachie mtahiniwa, hapa Temeke penye taa?"

Kesho yake Anselmo aliandika barua ya kuomba nafasi mpya katika Idara: Msimamizi wa Msimamizi. Alieleza kwamba mwenye kufaa ni mama mmoja mtu mzima, mwenye macho mazuri, asiyejua kusoma, na kwa hiyo hawezi kumnong'oneza mtu jibu. Bwana Mkubwa akaridhia upesi. Alipenda sana nafasi zisizo na mshahara.

Mambo yangeishia hapo, kama Mzee Romani, mzee wa kanisa, asingefika ofisini siku ile kuomba stempu.

"Mke na mume ni mwili mmoja," Mzee Romani alisema, baada ya kuelezwa. "Ndivyo tunavyofundisha. Basi humo ndani hamna wasimamizi wawili. Mna msimamizi mmoja mwenye miguu minne."

Hoja ikapimwa, ikaonekana nzito. Mzee Romani akawekwa kuwa wa tatu, na stempu akasahau.

Habari ikamfikia Jumbe Kondo. Jumbe alikuja mwenyewe, kanzu imenyooshwa, fimbo mkononi. "Nasikia pana kikao cha serikali katika nchi yangu, na kanisa limepewa kiti. Temeke imebatizwa lini? Mbona mie sikualikwa kwenye maji?"

Jumbe akawa wa nne.

Wa tano alijileta. Huyo alikuwa askari Alfonsi, aliyekuwa akipita na rungu lake, akasimama dirishani, akahesabu vichwa kwa kidole. "Wanne, na mtahiniwa wenu wa tano. Mkusanyiko huo. Mkusanyiko bila askari ni kosa."

"Ni mtihani," Anselmo akasema.

"Kosa haliulizi jina, braza. Mkae na mie, au msikae."

Hivyo kamati ikatimia, ikaanza kukutana. Ilikutana juu ya pazia: livutwe, mtu asichungulie, au liachwe, mtu asishuku? Ikaamuliwa livutwe nusu. Ilikutana juu ya saa, kwa kuwa saa ya Jumbe na saa ya kanisa hazikupatana. Kila ilipokutana ilimwita mtahiniwa aje kutoa maelezo, na kila alipokuja aliambiwa angoje nje. Katika majuma yale Kokuberwa alisoma kidogo kuliko wakati wowote tangu ajifungue, na Anselmo aliliona jambo hilo, akalichukulia kuwa uthibitisho wa taarifa ya Bwana Mkubwa.

Kokuberwa aliomba kitu kimoja tu. Aliomba siku ya mtihani Felicitas ampakate mtoto nje, karibu na dirisha, kwa sababu mtoto bado ananyonya na mama yake asipomsikia hatulii.

Kamati ikaketi. Ikagundulika kwamba Felicitas alisoma mpaka darasa la sita.

"La sita!" Mzee Romani akashtuka. "Mtu wa darasa la sita akikaa dirishani anaweza kusema neno."

"Anasema hata asipokaa dirishani," akasema Jumbe.

Ikaamuliwa kwamba nje asikae mtu. Mtoto aingie ndani na mama yake, kwa kuwa amekaguliwa na kuonekana hajui kusoma wala kuandika. Anselmo akaandika kanuni za siku ile, Bwana Mkubwa akazitia sahihi bila kuziangalia, kama alivyotia sahihi kila kitu kilichoandikwa kwa mwandiko mzuri. Ya kwanza: mlango ukifungwa, asiingie wala kutoka mtu hadi saa sita. Ya pili: mtahiniwa asipewe kitu wala asitoe kitu. Ya tatu: ikitokea kelele, mtihani umeharibika, na karatasi zirudishwe zilikotoka.

Kokuberwa alizisoma akiwa amesimama.

"Kelele hata za mtoto, Bwana Karani?"

"Kanuni haibagui umri."

"Akilia, siruhusiwi kumnyonyesha?"

"Huko ni kutoa kitu."

Akamrudishia karatasi yake. "Basi mwaka wangu huu wote uko mikononi mwa atakayempakata."

"Uko mikononi mwa kamati," Anselmo akamtuliza.

Hakuonekana kutulia.

Jumanne ikafika. Kokuberwa alikuja mapema, akamnyonyesha Didas nje ya mlango mpaka akalala fofofo. Kama mtihani ungeanza dakika ile, hadithi hii isingekuwapo. Lakini Bwana Mkubwa alifika na gari, akakusudia kusema maneno machache kabla ya kwenda mjini. Wakubwa walikuwa wakimngoja saa nne, na taarifa ilikuwa ndani ya mkoba. Maneno machache yalihusu nuru. Yalihusu pia mlango, ufunguo na subira. Alipomaliza alisahau, akajipigia makofi.

Didas akafungua jicho moja.

"Nitaona wakianza," Bwana Mkubwa akasema, "dakika tano tu." Akaingia pamoja nao. Alfonsi akafunga kufuli kwa ndani na kutumbukiza ufunguo mfukoni.

Viti vilikuwa vitano na wasimamizi watano, hesabu ikakubali. Hapo ikaonekana kwamba mtahiniwa hakupangiwa kiti. Kokuberwa hakungoja kikao. Alisimamisha kisanduku cha chaki, akakikalia, mtoto akampa Eufrazia, akavunja lakiri. Wino ulikuwapo, na kalamu moja, kwa kuwa nyingine zote zilitolewa nje ili asiandike mtu mwingine.

Somo lilikuwa Utawala. Swali la kwanza lilisema: Eleza, kwa mifano, madhara ya wingi wa kanuni.

Kokuberwa aliinua macho. Akawatazama wasimamizi wake mmoja mmoja, kuanzia kulia. Kisha akachovya kalamu, akaanza kuandika, na hakuonekana kutafuta maneno.

Didas akafungua jicho la pili. Akamwona Eufrazia, akavuta pumzi. Kila aliyewahi kulea anaijua pumzi ile.

"Mtoto huyu," Eufrazia akanong'ona, "hayumo katika barua yangu. Mie nimeletwa kumwangalia mume wangu." Akamsukuma kwa Mzee Romani. Didas akakamata ndevu za kanisa, akazivuta, akavuta na pumzi nyingine. Mzee Romani akampitisha kwa Jumbe haraka. Jumbe alipoteza kofia yake ya viua, ikatafunwa ukingo mzima, lakini haikutosha. Akapewa Alfonsi, aliyekuwa na vifungo vinavyong'aa na filimbi ya kamba. Didas akaipeleka filimbi moja kwa moja mdomoni.

Filimbi ikalia.

Haikulia sana, lakini ililia. Kalamu ya Kokuberwa ikasimama. Watu wote wakamgeukia Anselmo, naye akaitazama kanuni ya tatu, akauona mwandiko wake mwenyewe, mzuri, usio na mahali pa kupenya. Akamtazama mama yule. Hakuwa akilia wala kuomba. Alikuwa amekishika kisanduku chini yake kwa mkono mmoja, kama mtu aliye ndani ya mtumbwi na anayeona maji yanaingia.

"Filimbi ya polisi," Anselmo akasema taratibu, "ni sauti ya serikali. Si kelele."

Kalamu ikaendelea.

Alfonsi, jasho likimtoka, alimkabidhi mtoto kwa mtu aliyesimama karibu naye. Alikuwa Bwana Mkubwa, aliyekwisha kushika kitasa. Didas alitua juu ya tumbo kubwa lenye joto. Akajaribu shavu la kushoto, akajaribu la kulia. Akaikamata tai kwa ngumi. Akalala.

Chumba kizima kikapumua. Bwana Mkubwa pia alipumua, akatazama saa, ikawa saa tatu na nusu.

"Karani, mchukue."

Anselmo akanyoosha mikono. Vidole vyake vilipomgusa tu, mdomo wa Didas ukafunguka na pumzi ikaanza kuingia. Anselmo akarudisha mikono. Mdomo ukafunga.

"Karani. Gari linaningoja. Wakubwa wananingoja. Nina taarifa!"

"Naam, Bwana Mkubwa. Sauti, Bwana Mkubwa."

"Taarifa ya wanawake," akasema, sasa kwa mnong'ono. "Fungua mlango."

Alfonsi akagusa mfuko wenye ufunguo, akamtazama Anselmo. Anselmo akakiona kiti chenye mikono. Alikiona sawasawa, na mto wake. Kisha akaona kwamba kalamu imesimama tena.

"Bwana Mkubwa, ukitoka, umevunja kanuni ya kwanza. Ukimtua, umevunja ya tatu. Zote zina sahihi yako."

"Nazifuta! Nipe kalamu."

"Kalamu ni moja. Anayo mtahiniwa, na kwa kanuni ya pili haruhusiwi kutoa kitu."

Bwana Mkubwa alifumbua mdomo. Didas naye akafumbua wake. Wakatazamana.

"Keti, Bwana," Anselmo akasema.

Alisema "Bwana" tu. Kila mtu alilisikia neno lililokosekana. Eufrazia alimgeukia mumewe, na kwa mara ya kwanza siku ile hakumtazama kwa sababu ya kumlinda.

"Umemsikia," akamwambia Bwana Mkubwa. "Na umshike kichwa. Sio hivyo. Huku. Hujapata kulea wewe?"

Alfonsi akampisha kiti. Bwana Mkubwa akaketi, akawa msimamizi wa sita. Saa nne ilimkuta hapo. Saa nne na robo koti lake lilipata maji, na hakuwa na la kufanya. Saa tano akanong'ona kwamba mkono umekufa ganzi.

"Ndivyo unavyokufaga," Eufrazia akajibu. "Na wewe umekaa. Hujateka maji, hujakoka moto."

Kokuberwa hakuinua kichwa mpaka saa sita. Alipomaliza alikausha wino, akazifunga karatasi, akasimama, akanyoosha mikono. Didas akaamka, akamwona mama yake, akalia kwa nguvu zake zote. Mtihani ulikuwa umekwisha, na hakukuwa na kanuni tena.

Mjini wakubwa walingoja nusu saa, wakamtuma mtu akaulize. Dereva wa Bwana Mkubwa, aliyekuwa akingoja nje, akamjibu alichokiona dirishani, kwamba Bwana Mkubwa anabembeleza mtoto. Yule mtu akawapelekea jibu hilo, wakamwambia arudie. Akarudia. Wakaandika kwamba ofisa huyu bado hajaweza kupanga muda wake, kwa hiyo hajawa tayari kwa cheo. Taarifa alipoipeleka baadaye ilirudishwa bila kusomwa, na mwenyewe akahamishiwa bara, kwenye kituo kisicho na Idara.

Majibu ya chuo yalikuja kwa meli baada ya miezi minne. Kokuberwa amefaulu, na msahihishaji ameisifu mifano yake.

Gharama zilikuwa hizi. Bwana Mkubwa alipoteza cheo na koti. Jumbe alipoteza kofia. Anselmo alipoteza daraja la kwanza, na kiti chenye mikono akapewa kijana aliyeletwa kutoka Tanga. Kokuberwa alitoa kazi yake ya ualimu, miaka miwili ya masomo, na usingizi ambao haukuhesabiwa na mtu, akapata karatasi moja. Shahada ina karatasi tisa, kila moja na mtihani wake. Zilibaki nane, na mwezi ule alikuwa na mimba ya pili.